Motere kubwa ya batri: utaisimamisha na nini?

Katika ateliye za Likasi na za Kolwezi kuko motere za zamani zenye kulala kwenye udongo pamoja na ferayi ingine. Zilitoka katika lokomotivi za batri zenye zilikuwa zinavuta wagoni chini ya shimo, ao katika vile vigari vya kunyanyulia mizigo kwenye madepo. Wauzaji wa ferayi wanazipima na kilo, juu ya shaba yenye iko ndani. Lakini fundi mwenye macho anajua kama motere ya namna ile, hata ikikaa miaka kumi kwenye mvua, mara mingi inafufuka. Unabadilisha sharbo, unasafisha kolektere, unakausha bobini, unaifunga kwenye batri, na inazunguka. Tena inaanza na nguvu yenye motere ya mashini ya kusaga bunga haiwezi kuonyesha.

Tunaandika habari hii juu ya motere moja ya namna ile. Waliipanga kwenye karieri ndogo, ili ivute kagari ka majiwe kwenye mupando. Batri zilikuwa munane za kamyo, zimefungwa moja nyuma ya ingine: volti 96. Kwa kuwasha na kuzima, walitumia kontakteri yenye iliondolewa kwenye mashini ya kusaga. Ilikuwa kontakteri ya muzuri, ya kampuni yenye kujulikana, na iliandikwa ampere za mingi kuliko zile motere ilikuwa inaomba. Kwa hesabu ya karatasi, hakuna kitu kilikosa.

Asubui moja, mwenye kushika butoni aliona kagari kamefika juu, akaachilia butoni. Motere haikusimama. Kagari kakagonga mbao za mwisho, kamba ikakatika, na kagari kakarudi chini peke yake, kamejaa, metre zaidi ya makumi mbili. Vijana wawili wenye kazi yao ilikuwa kungojea pale chini walikuwa wameenda kunywa maji. Ni vile tu. Leo tunaandika hii kama habari ya ufundi, hatuiandike kama tangazo ya kilio.

Walipofungua kontakteri, walikuta vile vipande viwili vya kukutanisha kuran vimeshikana kama vile mutu amevisudia. Kila mutu akasema: ilikuwa imezeeka. Sisi tunasema hapana. Hata ya mupya ingefanya vile vile, pengine ingengojea mwezi moja zaidi.

Kuran yenye haipumziki

Kuran ya SNEL yenye inaingia katika nyumba zetu inaenda na kurudi. Inabadilisha njia mara 50 kwenda na mara 50 kurudi katika segonde moja. Ni kusema kila segonde inapita kwenye sifuri mara 100. Unapofungua swichi, cheche inatokea, lakini mara moja kuran inafika kwenye sifuri na cheche inakufa yenyewe. Swichi haikufanya kazi kubwa: ilingojea tu.

Kuran ya batri haiko vile. Inaenda njia moja, bila kupumzika, na sifuri haikuje. Ukifungua swichi polepole, cheche inakuwa arki, na arki inabakia. Wasudere wetu wanajua jambo hili kuliko maenjenyere. Arki ya kusudia chuma inasimama na volti makumi mbili na kitu, makumi tatu. Ukivuta baguette nyuma kidogo, haikufe, inarefuka. Sasa fikiri kontakteri yenye iko na volti 96 na ampere 150 ndani yake. Ile ni posti ya sudire. Tena ni posti kubwa kuliko ile ya kwenye barabara, na umeifunga katika kisanduku ka plastiki.

Juu ya ile, motere iko na bobini, na bobini haipendi kuachilia kuran. Ukiikata, inasukuma: volti inapanda sana kuliko ile ya batri, na arki inapata chakula ya kuendelea.

Njo maana kwenye rele ndogo nyingi kumeandikwa mistari mbili: ampere 10 kwa volti 250 za kuran ya SNEL, na ampere 10 kwa volti 30 tu za kuran ya batri. Ni chombo kimoja, chuma kile kile, fabrika ile ile. Lakini kwa batri, wenye kuitengeneza wanakuruhusia volti kidogo kabisa. Watu wanasoma mustari wa kwanza, wanaacha wa pili.

Kontakteri zenye zilitengenezwa kwa kuran ya batri ziko na namna yao. Vipande vya kukutanisha vinafunguka mbali zaidi. Pembeni kuko bobini ao sumaku yenye kupuliza arki, kuisukuma mpaka ndani ya kachumba ka mabao membamba ya udongo wa kuchoma. Pale inakatwa vipande vipande na inakufa. Kwa zile za sumaku, uangalie vizuri alama ya + na ya −. Ukizigeuza, sumaku inapuliza arki upande wa ndani pahali pa kuipuliza inje, na kontakteri ya bei kali inaungua kama ile ya mashini ya kusaga. Kwenye plake tafuta maandiko DC-3 ao DC-5. DC-5 ni ya motere sawa hizi zetu, zenye bobini ya inje na ya ndani zimefuatana kwenye waya moja. AC-3 ni ya kusaga bunga, mwache mama wa bunga akae nayo.

Kama hauna makuta ya kuinunua, kuko njia moja yenye watengenezaji wenyewe wanaikubali katika tablo zao: kontakteri ya midomo tatu, unafunga ile midomo tatu moja nyuma ya ingine, ili zifunguke zote pamoja. Arki moja inakuwa tatu, kila moja inabakia na volti kidogo. Lakini ni lazima kusoma tablo ya kontakteri ile ile, usikisie.

Segonde ya kwanza

Kukata ni nusu ya matatizo. Nusu ingine iko pale unawasha.

Motere yenye inazunguka inatengeneza volti yake yenyewe, yenye kupinga ile ya batri. Njo inazuia kuran kuwa ya mingi. Motere yenye imesimama haipingi kitu. Tufanye hesabu. Tuseme motere na kabo zake ziko na rezistansi ya om 0,06. Volti 96 kugawanya na 0,06 inatoa ampere 1 600. Wakati inatembea vizuri, inaomba 150. Kwa hiyo, ukiigonga kuran yote mara moja, ile segonde ya kwanza inapita mara kumi na zaidi ya kipimo. Sharbo zinatoa moto, meno ya girebox yanapata nyundo, batri zinaanguka, na midomo ya kontakteri, yenye inarukaruka kidogo pale inajifunga, inayeyuka na kushikana. Kontakteri ya ile karieri, sisi tunafikiri haikushikana wakati wa kuzima. Ilishikana wakati wa kuwasha, kila asubui kidogo kidogo, mpaka siku yake ilifika.

Lokomotivi za zamani zilimaliza shida hii na rezistansi. Wenye walifanya kazi chini wanakumbuka ile kisanduku ya dereva, na mukono wa shaba wenye unazungushwa pole: kiti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila kiti inaondoa kipande kimoja cha rezistansi. Pale lokomotivi ziko na motere mbili, walifanya akili ingine: kwanza motere mbili zinafuatana, kila moja inapata nusu ya volti bila kupoteza kitu, kisha zinawekwa pembeni pembeni, kila moja inapata volti yote. Ni akili ya wazee na ingali nzuri.

Ubaya wa rezistansi ni kwamba inakula. Ukitaka motere itembee na nusu ya volti, na inakamata ampere 150, rezistansi inabakia na volti 48: ni wati 7 200. Majiko saba ya kuran yenye kuwaka ili kagari kaende pole! Na moto ile yote inatoka katika batri yenye ulilipa mafuta ya groupe ili kuijaza. Kwa kuanza tu, segonde tano, hakuna neno. Kwa kutembea pole saa nzima, ni hasara, tena ni hatari: rezistansi yenye imekuwa nyekundu karibu na mbao.

Hashere

Namna ya tatu ni kukata kuran bila kitu chenye kugusana. Kwa Kifaransa mafundi wanasema «hacheur», na jina linaeleza yote: inakatakata. Tranzistori kubwa inafungua na kufunga kuran maelfu ya mara kwa segonde. Ikifungua nusu ya wakati na kufunga nusu ya wakati, motere inaona nusu ya volti, na haisikie mikato, juu bobini yake inafanya kuran iwe laini. Hakuna majiko saba. Na kuko jambo lenye linashangaza kila mutu mara ya kwanza: motere inakamata ampere 150, lakini batri inatoa karibu 75 tu. Si uchawi. Wakati tranzistori imefunga njia, kuran ya motere inaendelea kuzunguka katika diodi yenye iko pembeni, ile ya «roue libre», bila kupita katika batri.

Ile diodi, usiidharau. Kama haiko, ao waya yake imetoka, mara ya kwanza tranzistori inakata, bobini inasukuma volti mpaka inaitoboa. Na diodi ya posti ya sudire ya zamani haitoshe: inachelewa kufunga, na kila mara inachelewa, kuran ya batri inapita moja kwa moja katika diodi na tranzistori. Inahitaji diodi ya haraka, yenye inaweza kubeba kuran yote ya motere.

Tranzistori gani? Kwa batri za volti 48, 72, 96, chukua zile zinaitwa MOSFET, za volti 150 ao 200, zilizopangwa nyingi pembeni pembeni. Zikipata moto rezistansi yake inapanda, kwa hiyo zinajigawanyia kazi zenyewe. Kama zote pamoja ziko na om 0,002, ampere 150 zinatoa wati 45 tu za moto pale zimefungua, na zingine kidogo kwa ile kukatakata. Kwa lokomotivi ya waya wa juu, yenye volti 250 na zaidi, ni IGBT: ile inakula karibu volti mbili hata ufanye nini, ni wati 300 kwa ampere 150, lakini inavumilia volti kubwa. Kwa batri za 96 volti mbili ni hasara. Kwa 500 hata hauzisikie.

Kwenye soko angalia tranzistori yenye miguu myembamba kama njiti ya kiberiti na juu yake wameandika ampere 200. Hesabu ya ndani pengine ni ya kweli, lakini ile miguu haipitishe 200. Itayeyuka mbele.

Na tena: usichukue rele statiki yenye ilitengenezwa kwa kuran ya SNEL. Ndani yake kuko tiristori. Ikifunguliwa, inangojea sifuri ili ijifunge, na kwa batri tulisema sifuri haikuje. Utaiwasha mara moja, haitazimika. Tiristori si kitu kibaya. Ile laini kubwa yenye inaleta kuran ya Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometre 1 700, inaleta kuran ya kwenda njia moja, na kule Kolwezi ni tiristori njo zinaigeuza kuwa kuran ya kwenda na kurudi, tangu miaka ya 1980. Lakini kule ziko na rezo ya kuran ya kwenda na kurudi yenye inazisaidia kufunga. Katika hashere za zamani za tiristori, ilipashwa kuweka kondansatere na tiristori ya pili, kazi yake moja tu: kuua ya kwanza. Ikikosa kuua, gari inaenda.

Tranzistori inakufa namna gani

Hapa njo pahali mafundi wengi wanatupinga. Wanasema hashere ni ya kisasa, haina arki, haina midomo yenye kushikana, basi imemaliza shida. Hapana. Tranzistori ya nguvu, ikikufa, mara mingi inakufa ikiwa imefungua njia. Ni kusema motere inapata volti yote, mara moja, na ile pedali ao butoni yenye uko unashika haina kazi tena. Ni ile ajali ya kontakteri, ila bila kuonywa na sauti.

Kwa hiyo hashere haitoshe peke yake. Mbele yake kunawekwa kontakteri ya kweli, ya kuran ya batri, yenye inaweza kukata kuran yote siku moja ya mubaya. Kila siku haikate kitu: unarudisha vitesi kwenye sifuri, kisha kontakteri inafunguka bila cheche, na inaishi miaka. Kurudi nyuma ni vile vile: kontakteri za kugeuza motere zinabadilika tu wakati kuran iko sifuri. Kabla ya kufunga ile ya mbele, kondansatere za hashere zijazwe kwanza polepole kupitia rezistansi ndogo, ju tupu zinavuta kuran sawa vile waya mbili zimegusana, na midomo inashikana siku ya kwanza.

Karibu kabisa na batri, fizibli, na iandikwe volti za kuran ya batri. Kipande cha waya ya shaba chenye umepotosha na koleo hakiko fizibli.

Halafu freni. Kwa mashini yenye kuvuta kamba, tunaomba ile freni yenye resori inaifunga na kuran inaifungua. Kuran ikikosa, ao kontakteri ikifunguka, freni inashika yenyewe. Freni ya kushikwa na mukono inamungojea mutu, na mutu anaweza kuwa anaangalia pengine. Pia motere hizi, zikipoteza muzigo, zinakimbia bila mwisho. Kamba ikikatika, kuran ikatwe palepale, kama sivyo motere inajipasua yenyewe.

Sasa kuchagua. Pompi ya maji yenye inawashwa mara mbili kwa siku na kutembea vitesi moja: kontakteri ya DC na rezistansi ya kuanzia, basi. Kuiwekea hashere ni kutupa makuta. Lokomotivi ao kagari kenye kutembea posti nzima, kuanza na kusimama mara mia, na dereva anataka kuenda pole kwenye kona: hashere, na batri itakushukuru kwa kumaliza posti. Treyi iko katikati. Kama inapandisha mara tatu kwa saa, viti viwili vya rezistansi vinatosha. Kama ni mara kumi na tano, anza kuchanga.

Na ateliye iko wapi? Jambo hili halisemwe sana. Hashere ikikufa juma ine mangaribi kwenye karieri yenye iko mbali na muji, nani ataitengeneza? Kontakteri, kijana yeyote mwenye tournevis anaifungua na kuona kama imeungua. Hashere inaomba mutu na vyombo, na kisanduku chenye hakiingize mavumbi wala yale maji yenye asidi ya mashimo yetu, na bado moto itoke nyuma kupitia bamba la aliminium. Tunapenda hashere. Lakini hatumushauri mutu aiweke kama hana ya pili kwenye armware.

Kwa mama wa nyumba, neno moja, ju tuliona jambo hili katika nyumba zaidi ya moja. Batri za kamyo zikijazwa zinatoa hidrojeni, gazi yenye haina arufu, na ikifika sehemu 4 juu ya 100 ya hewa, cheche moja inatosha. Baba akileta batri munane ili azijaze usiku katika chumba chenye watoto wanalala, juu eti inje wataziiba, umukatalie. Zijazwe pahali penye upepo inapita juu, mbali na mbabula na kandili.

Ile karieri tuliirudilia. Walichagua kontakteri mbili za DC, moja nyuma ya ingine, ili moja ikishikana ingine ikate. Rezistansi ya viti viwili. Fizibli ya kweli. Freni ya resori yenye waliondoa kwenye mashini ingine ya kunyanyulia. Juu, pale kagari kanafikia, kuko swichi yenye kagari kenyewe kanaigonga na kukata kuran ya kontakteri zote mbili. Chini kuko butoni mwekundu, na mwenye kuwa chini anaweza kusimamisha bila kulalamika kwa wa juu. Kila asubui, kabla ya kagari kujazwa, wanafunga kontakteri moja kwa nguvu na kipande cha muti, wanawasha, na wanaangalia kama ya pili inasimamisha. Kisha wanabadilisha muti kwenye ya pili na wanaanza tena. Inakamata dakika tatu. Hashere wanaiwaza, lakini makuta ya mwezi huu yalienda kwenye kamba ya mupya.